"Chama chake kipi?": siku yangu moja kwenye kituo cha kura California

Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024, wanataka habari za Trump na Harris. Hao wawili hawakunisumbua hata kidogo. Kila aliyeingia kituoni kwetu alikuwa ameshaamua tangu yuko kwenye gari. Walionitoa jasho ni wagombea wanne wa bodi ya maji.

Naishi kusini mwa California, kwetu Tanga, na kazi yangu ya kila siku ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Uchaguzi ukifika naomba ruhusa, nakula kiapo, navaa kitambulisho shingoni, nakuwa karani wa kituo. Kaunti zinazotumia mfumo kama wetu hulazimika kuwa na kituo kimoja kwa kila wapiga kura 50,000 kwa siku 11, halafu siku nne za mwisho viongezwe hadi kimoja kwa kila 10,000. Cha kwetu kilikuwa cha siku nne. Ninayoisimulia hapa ni ya nne, Jumanne tarehe 5.

Saa 10:30 alfajiri. Chai ya rangi, maandazi yaliyobaki Jumapili, viatu vya kazini. Mume wangu aligeukia ukutani.

Saa 11:45. Kituo ni ukumbi wa mpira wa kikapu, unanuka dawa ya sakafu. Tuko sita. Msimamizi wetu ni bibi mmoja mwalimu mstaafu ambaye kimoyomoyo namwita Mama Mkuu, na mdogo wetu ni kijana wa sekondari wa miaka 17, umri wa kupiga kura haujafika lakini kufanya kazi kituoni anaruhusiwa. Tulisoma namba za lakiri moja moja na kuzilinganisha na fomu. Tukapanga vituturi. Mashine ikachapisha ule utepe mrefu wenye sifuri mbele ya kila jina, tukasaini wote. Utepe huo naupenda. Kwa dakika chache hakuna mwenye kitu, rais na mjumbe wa bodi ya zimamoto wako sawasawa.

Saa 1:00 asubuhi. Milango ikafunguliwa. Mtu anataja jina na anwani, anasaini, basi. Kitambulisho kwa kawaida hakidaiwi, jambo ambalo miaka yangu ya kwanza lilinitisha, mimi niliyezoea kadi ya mpiga kura na wino kidoleni. Kompyuta yetu inasoma daftari la kaunti nzima, kwa hiyo mkazi wa kona yoyote ya kaunti anaweza kuja kupiga kura kwetu. Halafu printa inamtolea karatasi ya kwake, yaani ya anwani yake.

Hapa watu wengi hupotea, kwa hiyo nieleze. Mpaka wa mamlaka ya maji, ambayo huku bodi yake huchaguliwa kwa kura, hauufuati mpaka wa mji. Wa zimamoto haumfuati yeyote. Asubuhi ile walikuja dada wawili wanaokaa mtaa mmoja, nyumba zinatazamana, na karatasi zao zikatoka tofauti: mmoja ana bodi ya maji, mwingine hana. Mwingine huyo akadai tumemnyima. Nilimwonyesha ramani: mstari unapita katikati ya barabara yao. Na zimamoto je? Kwake viti vilikuwa viwili na waliojitokeza wawili, na wagombea wasipozidi viti, uchaguzi haufanyiki, wanateuliwa tu. "Kwa hiyo hakuna aliyeitaka?" akauliza. Nilimwambia sijui, lakini nadhani alikuwa amepatia.

Karatasi yenyewe mwaka ule ilikuwa shuka. Juu kabisa rais. Kisha Seneti, ambako jimbo letu lilipigia kiti kilekile mara mbili, mara moja kwa muhula mzima na mara moja kumalizia wiki chache zilizobaki. Bunge la taifa, mabunge ya jimbo. Mpaka hapo kila jina lina chama pembeni yake. Ukigeuza, vyama vinakatika kama umeme: diwani wa kaunti, halmashauri ya mji, bodi ya shule, maji, maji taka, zimamoto, afya. Majina matupu. Chini ya kila jina kuna maneno ya kazi ya mgombea, hayazidi matatu. Kisha maswali ya jimbo zima ya kujibu ndiyo au hapana, kumi.

Saa 1 mpaka saa 5 zilikwenda kwa bahasha. Kila mpiga kura ambaye usajili wake kwenye daftari uko hai hutumiwa karatasi kwa posta, kwa hiyo wengi huja kudumbukiza tu, tukawavua watu wawili kofia za mgombea urais, maana kampeni marufuku ndani ya futi mia, tukagawa stika, kijana wetu akala sanduku zima la biskuti.

Saa 5:20. Ndipo akaingia bwana mmoja wa miaka sitini hivi, suti ya michezo, funguo nyingi kiunoni. Alikuwa na karatasi yake ya posta lakini hakuiamini, akataka apige palepale. Haki yake. Nikaipokea, nikaibatilisha, nikamchapishia nyingine. Akaingia kituturini.

Dakika saba hivi akarudi, amekunja uso. "Karatasi yenu mbovu."

"Imefanya nini, bwana?"

"Nyuma huku hamkuweka vyama." Kidole kiko kwenye bodi ya maji. "Watu wanne. Nitajuaje nani ni nani?"

Nikamweleza vizuri, kwa sauti ile niliyofundishwa: nafasi hizi hazina vyama, bwana. Katiba ya jimbo inasema hivyo kwa majaji, shule, kaunti na miji, na bodi za maji nazo ni vivyo hivyo.

"Nani aliviondoa?"

Swali zuri, na ningekuwa na kikombe cha kahawa na saa nzima ningemjibu. Ni mambo ya mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za gavana Hiram Johnson, aliyechaguliwa mwaka 1910 kwa kuisema kampuni ya reli ya Southern Pacific ambayo watu walichoka kuiona ikiwaweka wanasiasa wa vyama vyote mfukoni. Wazo likawa kwamba bomba la maji halina chama. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu kumi na wawili, mama mmoja ana mtoto anayelia, nikasema tu kwamba ni sheria ya zamani.

"Unatoka wapi wewe?"

"Tanga."

"Wapi?"

"Tanzania."

"Na huko nako wanaficha vyama?"

Jamani. Kwetu ni kinyume kabisa: huwezi kugombea hata uenyekiti wa mtaa bila kudhaminiwa na chama. Mgombea binafsi amepiganiwa mahakamani miaka na miaka. Mahakama ya Rufani ikalirudisha suala hilo bungeni mwaka 2010, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa Mchungaji Mtikila haki mwaka 2013, na mpaka siku ile nikiwa nimesimama mbele ya bwana huyu, mgombea binafsi kwetu hayupo. Kwa hiyo mimi nikiiona ile karatasi yenye majina matupu, naiona kama kitu nilichokisikia kikidaiwa tangu utoto, na huyu ananidai nikiondoe.

Nilimpa kitabu cha mwongozo wa wapiga kura. Akakisoma amesimama mbele ya meza yangu, hataki kusogea. Kati ya wale wanne, mmoja tu ndiye mwenye maelezo. Mgombea mdogo kwa kawaida hulipia nafasi hiyo mwenyewe, na si kila mtu atatoa fedha zake kwa kazi yenye posho ndogo na lawama nyingi. Zilizobaki ni zile kazi za maneno matatu: mjumbe aliyepo, mhandisi mstaafu, mwalimu wa sayansi, mwenye biashara ndogo.

"Huyu mhandisi," akasema, "ni mrengo gani?"

Sasa mhandisi huyo namjua. Septemba alibisha mlangoni kwangu, jasho linamtoka, akanieleza robo saa habari za mabomba yaliyozikwa kabla sijazaliwa na kwa nini bili itapanda iwe isiwe. Mjumbe aliyepo hataki ipande. Bili hiyo nailipa mimi. Nilikuwa nimeshapiga kura yangu kwa posta, na nina maneno ya kutosha kumjaza bwana huyu masikio yote mawili. Nikauma ulimi. Nikasema, "Siruhusiwi kukusaidia kuchagua, bwana."

"Kumbe unajua."

"Siruhusiwi."

Akarudi kituturini, akatoka, akaiweka karatasi kwenye mashine, mashine ikaitema. Amechagua watatu, wanatakiwa wasizidi wawili. Ikaandikwa imeharibika, nikampa ya pili. Ya pili akaandika pembeni, kwa herufi kubwa, anachofikiri juu yetu, mpaka wino ukaingia kwenye viduara. Naye mwenyewe akaomba nyingine. Nikamwambia hii ya tatu ndiyo ya mwisho, sheria haitoi ya nne. Alinitazama kama nimemtungia sheria hiyo pale pale. Mama Mkuu akaja akasimama kando yangu, mikono nyuma, hakusema neno. Wakati huo foleni imefika mlangoni na mtoto ameshalala.

Karatasi ya tatu mashine iliimeza. "Maji nimeyaacha wazi," akasema. "Mmeshinda." Kijana wetu akampa stika. Akachukua mbili.

Dakika hamsini. Wali wangu ulikuwa umeganda kwenye kopo, nikaula hivyo hivyo stoo, nimekaa juu ya boksi la koni za mazoezi.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena vizuri. Najua jua lilikuwa limehamia madirisha ya upande wa pili alipokuja mzee mmoja na mjukuu wake wa kike. Mjukuu akaniona jina kifuani, akamnong'oneza, na mzee akanisalimia kwa Kiswahili cha Bukavu. Wiki nzima sikuwa nimekisikia Kiswahili nje ya simu. "Shikamoo baba," nikamwitikia, na yeye akacheka, maana kwao shikamoo si lazima.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura nchini humu. Alikwenda taratibu, mjukuu akimsomea, sheria inamruhusu kuja na msaidizi. Walipogeuza karatasi nikasikia: "Na hii?"

"Ni ya maji, babu."

"Mayi? Mayi nayo wanapigia kura?" Kikao kidogo. "Wa chama gani hawa?"

Nikajiandaa. Mjukuu akasema hawana. Mzee akanyamaza, kisha akamwambia amsomee kila mmoja anafanya kazi gani, polepole. Akasomewa. Akasomewa tena. Sikuona alichotia wino, na sikutaka kuona. Alipomaliza akaja mezani akaniambia, "Aksanti, mama. Kwetu mayi ilikuwa shida kila siku, na hakuna mutu alituuliza." Stika aliibandika kwenye koti, akaipigapiga mara tatu ili ishike.

Jioni walikuja wanaotoka kazini, wengine bado na kofia za ujenzi. Wengi hawakuwa kwenye daftari, tukawaandikisha palepale, na kura zao tukazitia kwenye bahasha zikasubiri kuhakikiwa. Miguu yangu ilikuwa imekufa kuanzia magotini. Saa 2 usiku Mama Mkuu akatoka nje akasimama nyuma ya mtu wa mwisho: aliyekuwa mbele yake atapiga, aliyechelewa basi. Wa mwisho alimaliza saa 2:40.

Halafu hesabu. Karatasi zilizochapishwa, zilizopigwa, zilizoharibika, zilizobatilishwa, lazima zilingane na saini. Zikapungua moja. Tukahesabu tena, moja. Hakuna aliyesema kitu, lakini kila mtu alikuwa anafikiria kitanda chake. Mwishowe nilikumbuka suti ya michezo. Ile karatasi yake ya posta, niliyoibatilisha asubuhi, nilikuwa nimeiweka chini ya kitabu cha mwongozo nilipokuwa nikimtafutia ukurasa wa maji. Ikawa bado pale, imekunjwa vilevile. Kosa ni langu, na nililisema. Mama Mkuu akaandika kwenye fomu, akasema, "Nimefanya hii kazi miaka mingi, daima ni yule yule." Sikuuliza yupi.

Masanduku hayasafiri na mtu mmoja. Tulikwenda wawili kwenye gari lake, lakiri tumezisoma kwa sauti kabla ya kuondoka na tukazisoma tena tulipofika. Njiani hakuna aliyewasha redio.

Nyumbani nilifika saa 5:15 usiku. Tanga ilikuwa saa 4:15 asubuhi ya Jumatano, na kaka yangu, ambaye wiki tatu baadaye alikuwa na uchaguzi wake wa serikali za mitaa na mgombea wa chama chake, alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti mara nne. Nikampigia.

"Dada, haya, nani kashinda?"

"Bado hatujajua. Za posta zilizopigwa mhuri leo zinaruhusiwa kufika mpaka siku saba. Nafasi ni mbili, na yule mhandisi nadhani atabanwa."

Kimya kidogo. Nikasikia pikipiki ikipita upande wake.

"Mhandisi gani tena?"

"Wa maji," nikasema, nikaanza kufungua viatu.