Nilivyomkalisha mkuu wa chekechea kwenye kiti cha mtoto

Nianze na nyie mlioniambia "mhamishe tu mtoto, shule ziko nyingi." Mwanangu anampenda mwalimu wake, na mwalimu hana kosa lolote. Lenye kosa lilikuwa darasa. Nikimhamisha wangu, ukuta si unabaki na fangasi wake juu ya vichwa vya watoto wa wenzangu?

Na msidhani nasema kidoa. Lile doa lilikuwa kubwa mpaka watoto wamelipa jina, Tembo. Kila jioni naletewa habari zake. Siku moja mtoto kaja na furaha zote: "Mama, Tembo ameota mkonga!" Nikaenda kuangalia. Kweli, mstari mweusi ulikuwa umeteremka ukutani hadi karibu na sakafu, palepale wanapotandika vigodoro vya usingizi wa mchana. Madirisha ya upande ule yamepigiliwa misumari, eti watoto wasianguke. Mtoto mdogo huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na akilala chini pua yake iko hapohapo kwenye mkonga.

Nilianza na mwalimu wa darasa, faragha. Alininong'oneza kwamba alishalisema zamani, na kwamba kila akitoka kazini kichwa kinamgonga. Tukakubaliana barua yangu izungumzie chumba tu, yeye asitajwe hata kwa mafumbo. Hilo ukilikosea, umemchomea mtu ajira.

Ofisi walijibu haraka, niwape haki yao. Jumatatu nakuta ukuta mweupe pee. Wamepaka rangi juu ya fangasi! Kundi la wazazi likajaa makofi, "hongera mama, umetusaidia." Nikanyamaza, nikasubiri mvua. Fangasi anataka unyevu tu. Maji yakiendelea kuingia, rangi unampamba. Mvua ikanyesha, Tembo akarudi, safari hii na masikio.

Ndipo shemeji yangu, mtu wa takwimu, akaniambia kelele hazisaidii, niende na ushahidi wa kisayansi. Akaniazima kifaa chake cha kupima kaboni dioksaidi. Kwa wasiokijua: hewa ya nje husoma kama sehemu 420 hivi kwa milioni, na ndani ikivuka 1,000 ni dalili kwamba hewa ya chumba haibadilishwi vya kutosha. Nikakitegesha juu ya kabati la vitabu. Kikapita 2,000 na bado kinapanda. Nikavimba kichwa mimi! Nikachapisha jedwali, tarakimu mbaya nikazipaka nyekundu, nikasimama nalo kwenye kikao cha wazazi huku nimesafisha koo.

Mkuu alisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Sasa mama, hicho kidude kinatumia betri gani?" Baba mmoja akataka kujua kama kinaweza kunusa gesi inayovuja jikoni. Kufumba na kufumbua tukawa tunajadili rangi ya soksi za sare. Na wale walioniandikia usiku "tuko nyuma yako mama"? Walikuwa nyuma yangu kweli, viti vya mwisho karibu na mlango, wanachezea simu.

Shemeji akashauri nikapime tena, kwa siku nyingi zaidi. Nikamrudishia kifaa chake na asante.

Maana nilikuwa nimeshagundua kitu. Yule mama mkuu hajawahi kukaa mle darasani. Hupita mlangoni, husalimia, watoto wanaitikia, huyo kaenda. Nikashirikiana na mwalimu tukamwandikia mwaliko wenye maua ya kalamu za rangi: watoto wanaomba Mkuu aje awasomee hadithi. Mtego wote uko kwenye saa. Tulichagua mara tu baada ya usingizi wa mchana, chumba kimefungwa, watoto wote wamepumulia mle. Kiti cha mgeni kikajikuta kiko chini ya Tembo. Sikumwambia mwalimu akiweke pale. Haya, nilimwambia.

Mkuu akaja kapendeza, koti jeusi, kitabu kinene. Akakaa kwenye kile kiti, magoti yakamfika kifuani. Ukurasa wa pili akaanza kujipepea na karatasi. Wa tatu akapiga miayo, akaomba radhi, akapiga mwingine. Akamwambia mwalimu afungue dirisha. "Hayafunguki, Mkuu," mwalimu akajibu kwa upole ambao ningemlipa kwa ajili yake. Mtoto mmoja akamwonya asiegemee, Tembo ananuka. Alikuwa ameshaegemea. Aliposimama, mgongo mzima wa koti ulikuwa na magamba ya ile rangi mpya, yamebanduka na ukijivu wake kwa chini. Mimi niko mlangoni nimekuja "kumchukua mtoto mapema," nimeuma midomo nisicheke.

Hadithi haikuisha. Fundi alikuja wiki ileile. Misumari iling'olewa, madirisha yakawekewa vizuizi vya kuyaacha yafunguke kiasi tu, mtoto hapiti. Huko nje akakuta mfereji wa paa umepasuka, maji ya mvua yote yanamwagikia ukuta ule. Kuuziba kulikuwa kwa pesa ndogo, nasikia haikufika hata nusu ya ile rangi. Kisha ukuta ukakwanguliwa, ukaachwa ukauke ndipo upakwe, na watoto wakati huo walilala chumba kingine.

Kimebaki kimoja: watoto bado ni wengi mno kwa mwalimu mmoja. Hiyo nimeiandikia barua mpya, na ndani nimetaja Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 3, kinachotaka taasisi za malezi zifuate viwango vya usalama, afya na idadi ya wafanyakazi. Mkuu amesema italetwa kikaoni. Nimeomba iwe ajenda ya kwanza, kabla ya soksi.