Samaki wa tope

Uani kwetu Makorora kuna ndoo kubwa iliyofunikwa kwa ungo, na juu ya ungo kuna tofali. Ndani wamo kambale wawili tuliowatoa Mto Sigi juzi, mimi na mjomba. Asubuhi nabadilisha maji, jioni nabadilisha tena. Maji ya bomba nayalaza kwanza kwenye beseni ili dawa itoke. Chakula siwapi. Shangazi amenipitia leo mara ya tatu: "Mwanangu, hawa wataliwa lini?" Kesho, shangazi, inshallah. Anaguna, anaondoka.

Nimeona niandike huku nikisubiri, maana habari ya ndoo hii nimetoka nayo mbali.

Mtu wa Tanga ukimwambia samaki, anaelewa samaki wa bahari. Changu, tasi, pono, kolekole, na nguru siku ya wageni. Kambale na perege ni kitoweo cha watu wa bara. Ukimwekea mezani atakunja pua na kusema neno moja tu: tope. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Bibi yangu alikuwa akitutoa alfajiri, maji yakipwa, tukatande uduvi na dagaa kwa mtandio kando ya mikoko. Wawili tunashika ncha, wengine wanaswaga. Huo ndio uvuvi niliolelewa nao. Mto ulikuwa wa kufulia.

Mwaka 2016 nilikwenda Ujerumani kufanya kazi ya kuhudumia wazee, nikaangukia Franken, kaskazini mwa Bavaria. Kutoka pale hadi baharini ni zaidi ya kilomita 400. Mwezi wa kwanza sikujua ninachokikosa ni nini. Nilidhani ni chakula, nikapika wali wa nazi ya kopo, bado. Nilidhani ni adhana. Siku moja napita na baiskeli darajani juu ya mto Regnitz kwenda zamu ya asubuhi, nikaona chini, kwenye maji ya mgongo wa kokoto, kundi la visamaki vinageuka pamoja na kumeta kama vijiko. Nikashuka. Nilichelewa kazini siku hiyo kwa dakika kumi na tano, na kule dakika kumi na tano ni jambo.

Nikamwambia mwenzangu wa kazini kwamba Jumamosi nitanunua mshipi na ndoana nije pale. Akashtuka. Kuvua bila ruhusa kule ni kosa la jinai, limeandikwa kwenye sheria ya makosa ya jinai kabisa. Kwanza unasoma kozi, kwa Bavaria si chini ya saa 30, halafu unafanya mtihani wa maswali 60 na lazima upate angalau 45. Ukifaulu ndipo unaomba leseni. Na leseni hiyo peke yake haikupi maji, kwa sababu kila mto na kila bwawa lina mwenyewe, na kwake unakata kibali kingine cha siku au cha mwaka.

Kuna Waswahili wenzangu huko waliposikia saa 30 wakaniambia achana nayo, nenda kanunue samaki dukani. Mimi naisifu kozi ile. Nilijifunza Kijerumani kingi zaidi darasani mule kuliko mahali pengine popote, na nilijifunza samaki kwa ndani: figo iko wapi, kibofu cha hewa kinafanya kazi gani, umri unahesabiwaje kwenye gamba kama pete za mti. Nikafundishwa na kitu kilichonisumbua wiki nzima. Samaki lazima umpige kwanza kigongo juu ya macho azimie, ndipo umtie kisu. Sisi samaki hachinjwi, tumezoea kumwacha afe mwenyewe kwenye chombo au kwenye kikapu, na hakuna anayemtazama. Tangu siku ile namtazama.

Tena sheria yao ya kulinda wanyama, ya mwaka 1972, inataka uwe na sababu ya maana ya kumuumiza au kumuua mnyama. Kumvua samaki ili upige naye picha kisha umrudishe, kwao hilo lina utata mkubwa. Unavua ule. Hapo nilijisikia nyumbani.

Karpu wangu wa kwanza, samaki wa maji matamu wanayemfuga kule, alikuja Julai 2019, kwenye bwawa lililozungukwa na matete, na alikuja kwa ugali. Wenzangu wana vyambo vya madukani, vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa, vya harufu ya matunda. Nikaviangalia, nikaona hiki si ugali mdogo mdogo? Usiku nikasonga wa sembe, mgumu, nikaukanda na sukari kidogo na vanila, nikafinyanga vitonge vya ukubwa wa punje ya njugu mawe. Chambo kinalala chini kabisa pamoja na chubwi ndogo, kile kizito cha kuzamisha mshipi, na boya linasimama juu.

Karpu hali kwa pupa. Anapita chini akinyonya tope, anatema, ananyonya tena, na meno yake yako kooni, si mdomoni. Kwa hiyo boya halizami mara moja kama anavyofanya samaki mwenye fujo. Lilitikisika kidogo. Likatulia muda mrefu, mpaka nikajua ameondoka. Kisha likainuka taratibu na kulala ubavu juu ya maji, kama mtu anayejinyoosha mkekani, na hiyo ndiyo alama: amenyanyua chambo, amenyanyua na chubwi. Nikavuta. Tulivutana hadi mkono ukafa ganzi. Alipoingia kwenye wavu wa mkono nilikuta ni yule wanayemwita karpu wa kioo, mwenye magamba machache makubwa kama sarafu mgongoni, na kwingineko ngozi tupu ya rangi ya shaba. Pembeni mwa mdomo ana ndevu nne. Nikamkumbuka kambale, ambaye ana nane, na ule msemo wa nyumba ya kambale ambamo baba ana ndevu na mtoto ana ndevu.

Alikuwa na kilo tatu na robo. Nikapiga bismillah, nikafanya kama nilivyofundishwa, nikampeleka nyumbani, nikampaa, nikamkaanga. Tope! Tope lile lile la Tanga, mbele ya wageni wawili niliowaalika mwenyewe.

Kazini kulikuwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia, mtoto wa mabwawa ya Aischgrund, bonde ambalo tangu Zama za Kati lina mabwawa ya karpu kwa maelfu. Karpu walifugwa kwa ajili ya mfungo, wakati Wakristo wale hawali nyama. Nilipomsimulia hakucheka. Aliuliza: "Ulimkalisha kwenye maji safi siku ngapi?" Sikumkalisha hata saa moja. Akanieleza kwamba kwao karpu akitolewa bwawani vuli huwekwa kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, siku kadhaa, na ndipo anauzwa. Ndiyo maana wanakula karpu miezi ambayo kwa Kijerumani ina herufi r tu, Septemba hadi Aprili. Kiangazi anaachwa akue, kwani huchukua majira matatu ya joto kufika sahani.

Nikaenda kusoma, nikakuta mzee hakukosea. Harufu ile hata si ya tope lenyewe. Ni ya kitu kinachoitwa jeosmini, ambacho hutengenezwa na vijidudu na mwani wa buluu-kijani ndani ya maji yaliyotulia, kikaingia kwa samaki kupitia matamvua na kukaa kwenye mafuta yake. Maji safi hukitoa polepole. Na tindikali huivunja. Niliposoma hapo nilisimama jikoni nikamfikiria bibi. Ndimu, siki, ukwaju: kumbe wanawake wa pwani wameishika dawa yake mkononi miaka yote, na bado tunamkataa samaki.

Mzee yule alinipa gamba la karpu wa Krismasi, kavu, la ukubwa wa shilingi mia. Kwao ukiliweka kwenye pochi, pochi haikauki pesa mwaka mzima. Mimi riziki najua inatoka wapi. Gamba ninalo kwa ajili yake, na alifariki mwaka uliofuata.

Siku nyingi lakini siendi kwa karpu. Naenda kwa vile visamaki vya darajani, ambavyo sasa navijua kwa majina. Kuna Gründling, wa urefu wa kidole, mwenye ndevu mbili, anayekaa juu ya mchanga safi. Kuna Laube, ambaye magamba yake yalikuwa yakitumika zamani kutengenezea lulu za bandia, na ndiye aliyekuwa akimeta. Rotauge ana miiba mingi, basi namchanja ubavuni mistari ya karibu karibu kama tunavyochanja Tanga, mafuta yakiwa moto miiba inakatika na kuiva. Ndimu, pilipili, chumvi. Wenzangu huwapita samaki hawa. Nasikitika wanavyowapita.

Basi safari hii nimekuja likizo na fimbo ya kuvulia kwenye begi. Mjomba, mtu wa bahari maisha yake yote, aliitazama akasema, "Sawa, lakini mtoni?" Hakukataa. Tulitoka baada ya alfajiri kwa baiskeli mbili, tukapita Amboni, tukakaa chini ya mwembe kwenye kona ambapo Sigi inapunguza mwendo. Maji yale yametoka milima ya Usambara, yana rangi ya chai. Mjomba alifunga mshipi wake kwenye ufito, akaweka nyungunyungu. Saa mbili nzima hakuna aliyesema neno. Mimi mjomba wangu sijawahi kumwona amenyamaza saa mbili. Kambale wa kwanza alikuwa wake, na alipomshika nyuma ya kichwa, akikwepa miiba ya mapezi, alimgeuza taratibu kwenye jua akamkagua tumbo, ndevu, macho madogo. "Huyu ni mzima kabisa," akasema.

Kambale ana bahati moja ambayo karpu hana: anavuta hewa, hivyo ndoo haimshindi. Juzi maji yao yalinuka kama kisima kilichoachwa. Jana yalinuka kidogo. Leo nimeinua ungo, nimechota kwa kiganja nikanusa, sikupata kitu. Nimemwita mjomba naye akanusa, akachota tena akanusa.

Shangazi amerudi sokoni sasa hivi. Sikumtuma chochote. Ameweka chini nazi mbili, ndimu na fungu la ukwaju, na anauliza mbuzi ya kukunia iko wapi.