Printa ya wino inayochapa mistari: nilivyozibua hedi, na kwa nini nilianzia kwenye kofia

Printa ninayoieleza ni ya matangi ya wino, ya stesheneri, inayochapa vyeti na picha za pasipoti. Nyeusi ilikuwa safi. Picha zilikatwa na mistari myeupe ya mlalo, na nyuso za watu zikatoka na wekundu usio wao, maana yake siani, yaani wino wa bluu, ilikuwa haifiki. Amri ya kusafisha hedi (kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi) kutoka kwenye kompyuta haikubadilisha chochote.

Kabla ya kushika maji nilichapa karatasi mbili za kupima matundu ya hedi yanayotoa wino, moja baada ya nyingine, nikazilaza sambamba. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kazi yote. Pengo likiwa palepale kwenye karatasi zote mbili, tundu limeziba kwa wino uliokauka. Mapengo yakihama, au ukurasa ukianza vizuri kisha rangi ikafifia kuelekea chini, shida ni hewa kwenye mirija au wino usiofika: angalia kiwango cha tangi, na kama mashine ina kile kitufe cha kufunga wino wakati wa kusafirisha, hakikisha kimefunguliwa. Hapo kuosha hedi ni kupoteza muda. Herufi zikionekana mbilimbili lakini hakuna mstari uliokatika, hedi inahitaji kupangwa upya tu kwa programu ya printa. Njano husumbua macho kwenye karatasi nyeupe. Itazame kupitia faili la plastiki la bluu, mistari yake itaonekana myeusi.

Kwangu mapengo hayakuhama. Siani ilikuwa na mengi, majenta (wino wa waridi iliyokolea) machache.

Sasa, kwa nini amri ya kusafisha haikusaidia? Hedi ikiegesha upande wa kulia, chini yake kuna kofia ya mpira yenye sponji ndani. Kofia hupanda, hubana uso wa hedi, na pampu huvuta wino kupitia matundu kwenda kwenye sponji kubwa ya wino taka. Ukingo wa kofia ukiwa na tope la wino na vumbi, haubani. Pampu inavuta hewa, nawe unasikia mashine ikiguruma ukadhani kazi inafanyika. Ndiyo maana siku hizi naanza na kofia, hedi baadaye.

Kuifikia ni lazima hedi itoke kwenye maegesho. Nilituma ukurasa uchapwe, hedi ilipofika katikati nikachomoa waya wa umeme. Usiisukume kwa nguvu ikiwa imeegeshwa, kuna kufuli ndogo itakayovunjika. Usiguse pia ule utepe mwembamba wa plastiki angavu unaopita nyuma ya hedi: mashine husoma mahali ilipo kwa utepe huo, na alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuifanya hedi igonge ukuta.

Maji yawe yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo, kwa sababu rafu hiyohiyo ina chupa za asidi ya betri. Maji ya bomba au ya kisima, hasa ya pwani, yana chumvi; yakikauka huacha chembe kwenye tundu ambalo upana wake ni kama sehemu ya hamsini ya milimita. Spiriti siipendi kwa kuanzia: hukauka haraka, na inaweza kulegeza gundi ya baadhi ya hedi.

Kwa vijiti vya pamba vilivyoloweshwa nilifuta ukingo wa kofia mpaka pamba ikatoka safi, kisha ule ulimi wa mpira ulio pembeni unaofuta uso wa hedi. Halafu jaribio la pampu: kwa sindano isiyo na ncha nilidondosha maji kwenye kofia mpaka yakafunika sponji yake, nikairudisha hedi, nikawasha umeme na kuamuru isafishe, kisha nikaitoa tena hedi kuangalia. Maji yaliondoka. Yangebaki, ningetafuta mrija wa chini ya kofia uliochomoka au ulioziba, kwa kuwa bila pampu hata hedi mpya haitachapa.

Kuloweka hedi hakuna ujanja mwingi. Kunja karatasi ya jikoni iwe mkanda wa upana wa sentimita tatu hivi, iloweshe kwa mililita tano za maji, ilaze kwenye njia ya hedi, kisha isogeze hedi juu yake. Mkanda usiwe mnene kiasi cha kukwaruza, na usisugue. Tishu ya chooni huacha nyuzi, iache. Baada ya nusu saa mkanda ulitoka na alama za rangi, ile ya siani ikiwa hafifu kuliko zote. Nilijaza maji kidogo kwenye kofia, nikaegesha hedi juu yake, ikalala hivyo. Asubuhi, safisha moja ilirudisha majenta yote. Siani ikabaki na mapengo machache.

Kwa hayo nilitumia sindano. Nilitoa hedi, nikaondoa vichujio vidogo vinavyokaa juu yake, nikavika kipande cha mpira wa dripu kwenye chuchu inayopokea wino wa siani na sindano ya mililita tano upande wa pili. Mililita mbili, polepole, kama dakika nzima, karatasi kavu ikiwa chini. Kidole gumba kikikutana na ukinzani mkubwa, acha na uloweke tena. Presha hupasua ndani, na hedi ya aina hii ni ghali. Maji yasifike kwenye waya bapa na pini zake. Yakifika, kausha kabisa kabla ya kuwasha, la sivyo hedi inaungua na ubao mkuu pamoja nayo. Mwenye mashine ya katriji ambazo hedi imo ndani ya katriji, kama nyingi za HP na Canon, haya yote hayamhusu: akandamize katriji juu ya karatasi yenye unyevu, ikishindikana anunue nyingine.

Rangi ya kwanza hutoka imepauka kwa sababu ya maji. Chapa kurasa za siani tupu mpaka ikolee. Kisha pima tena kesho yake: mapengo yakirudi usiku mmoja baada ya mashine kukaa tu, kofia bado haibani.

Chanzo kikuu madukani ni kuzima printa kwenye ekstensheni wakati wa kufunga, au umeme wa Luku kuisha katikati ya kazi. Hedi inabaki nje ya kofia ikikauka. Umeme ukirudi, iwashe, isubiri iegeshe, uizime kwa kitufe chake. Ukurasa mmoja wa rangi zote kila wiki unatosha kuilinda. Wino wa pigmenti (wenye chembe ndogo za rangi) huziba zaidi kuliko wa dai (wenye rangi iliyoyeyuka), na usiichanganye kwenye tangi moja, inaweza kugandana.

Kuhusu amri ya kusafisha: tatu mfululizo, halafu mashine ipumzike kwa muda wa saa 12. Kila moja hutupa wino kwenye sponji ya taka na kuongeza hesabu ambayo mashine huiweka ya wino huo, na hesabu ikifika kikomo mashine hujifunga. Kuna mafundi wanaofuta hesabu hiyo kwa programu na kukurudishia printa papo hapo, sponji ikiwa imejaa vilevile. Wiki chache baadaye wino unachuruzika mezani. Sponji ibadilishwe au ioshwe na kukaushwa kwanza, ndipo hesabu irudishwe sifuri.