Tangi la mikondo, jaribio la tisa: bluu imepanda!

Wadau, imekubali! Lile tangi langu la kuigiza upepo unavyoyainua maji baridi ya chini ya bahari: ya chini nayatia rangi ya bluu, na draya ya nywele ndo upepo wangu. Jana saa saba mchana hapa Mwanjelwa nimeyaona maji ya bluu ya chini yakipanda upande ule upepo wa draya unakotokea, taratibu kama moshi wa kuni mbichi, nikampigia kelele dada aache kufua aje aone.

Majaribio mengi ya nyuma rangi ilikuwa inanishinda. Nimemimina kwa jagi, nimemimina juu ya sponji, nimeweka barafu ya rangi, dakika mbili tu tangi zima bluu. Dawa ni mpira wa dripu: maji ya vuguvugu yanatangulia, halafu ya baridi unayapitisha chini kabisa, kigurudumu umekibana yanachuruzika, dakika 40 na mkono usitikisike. Halafu nilikuwa nafanya usiku, na Julai ya Mbeya mnaijua, maji ya juu yanapoa yanakuwa mazito yanazama yenyewe, kila kitu kinavurugika hata draya sijawasha. Na draya iwe yenye kitufe cha hewa baridi, hizi za moto tupu hazifai.

Jaribio la saba ndo liliniuma zaidi. Nilitia chumvi nyingi kwenye maji ya chini ili matabaka yatulie, yakatulia kweli, ila draya ikapuliza weee, bluu haikupanda hata kidole. Nikakaa naangalia, ndo nikaielewa njaa ya planktoni, vile vijimea vidogo sana vinavyoelea majini. Naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea yao, zipo chini gizani, mwanga upo juu, upepo ukishindwa kuyainua maji ya chini basi planktoni hazina chakula na samaki nao hawana. Peru mwaka 1972 El Niño, ile hali ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ilirundika maji ya moto juu, uvuvi wa anchoveta, samaki wadogo kama dagaa, ukaanguka, japo na wavuvi walishavua kupita kiasi. Somalia ni kinyume chake, kusi ikikaza Juni hadi Septemba maji baridi yanapanda pwani na planktoni zinashamiri.

Nilipanga wiki hii nishone wavu wa planktoni niende nao Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, nimeahirisha, kwanza nilizungushe tangi. Maana kule Somalia upepo unakwenda sambamba na pwani, mzunguko wa dunia ndo unayapinda maji ya juu kwenda kulia, mbali na nchi kavu, na tangi langu halizunguki! Nimeshapata beringi ya toroli kwa fundi, imelowekwa kwenye mafuta ya taa, kesho naifunga chini ya tangi lizunguke.