Siti ya Baba

Mwaka 2009 tulikuwa tunarudi Tanga kutoka Muheza, Baba kwenye usukani, gunia la machungwa siti ya nyuma. Tulipokaribia Pongwe nikasikia "ka!", mgongo wa siti yake ukaanguka. Baba akalala chali, kichwa juu ya machungwa, miguu haifiki kwenye breki. Niliudaka usukani kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukavuta hendibreki. Gari likazima pembeni mwa barabara. Mpaka leo mwili hunisisimka nikikumbuka lori lililokuwa linakuja mbele yetu.

Lilikuwa Corolla KE70, la enzi zile Corolla za kawaida bado zikisukumwa na magurudumu ya nyuma. Baba alilinunua mkononi mwa mtu akiwa bado mwalimu mkuu, akalitunza kama mtoto.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameshapachika kipande cha boriti nyuma ya siti, kikazuia mgongo usianguke. "Inatosha, mwanangu. Mimi silali kwenye gari." Kiuno kilikuwa kinamsumbua miaka mingi, na nilimwona akikunja uso alipokaa. Nikamwomba funguo.

Gereji ilikuwa Ngamiani. Fundi alitazama kidogo tu akatoa jibu ambalo mafundi wengi hutoa: "Kaka, nikuchomelee palepale, haianguki tena mpaka kiama." Nikakataa. Siti iliyochomelewa ni ya mtu mmoja kwa mkao mmoja, na Mama naye alikuwa akiendesha. Nilitaka irudi kama ilivyotengenezwa.

Tukaanza kuitoa. Bolti nne, spana namba 14, mbili zimeshikwa na kutu hadi tukazilowesha mafuta ya taa na kwenda kunywa chai. Siti ilipotoka, chini yake kulikuwa na mchanga, sarafu za shilingi ishirini na kipande cha chaki. Kile kipande cha chaki nilikitia mfukoni.

Kava lilipovuliwa, sponji lilimwagika kama unga wa njano. Springi mbili za kujipinda zilikuwa zimekatika, ncha moja imetazama juu, pale pale kiuno cha Baba kinapoegemea. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema.

Kisha fundi akafungua gia ya kulazia siti. Ni kitu kidogo: kipande cha chuma chenye meno, ulimi unaoingia katikati ya meno, na springi ndogo ya kuusukuma ulimi ubane. Alikifuta kwa kitambaa chenye petroli akaniita. Meno ya juu na ya chini yalikuwa makali kama ya dukani. Matatu ya katikati yalikuwa yamelika, yamebaki vilima tu, yanang'aa. "Mzee hukaa hapa," akasema, kidole kwenye meno yale. "Hapa tu." Nikamwona Baba akilini, mgongo wima, kama mbele ya ubao.

Fundi aliyajaza meno yale kwa kuchomelea, tone baada ya tone, akiacha chuma kipoe. Halafu tupa. Zaidi ya saa mbili alipiga tupa, anajaribu ulimi, anapiga tena, mpaka ukaingia kila pengo na kukaa bila kucheza. Springi ndogo tuliibadilisha. Mimi nilishika springi za siti: nilifunga zilizokatika kwa waya mgumu, nikatandika gunia la katani juu yake kabla ya sponji jipya, maana springi zikigusa sponji moja kwa moja hulitafuna. Reli tukazipaka grisi.

Jioni Baba aliingia garini, akavuta mkono wa siti. Tak. Tak. Tak. Akajaribu mbele, akajaribu nyuma, polepole, sikio ameliinamisha. Mwisho akaiacha jino moja nyuma ya pale alipokaa miaka yote, akaegemea, akafumba macho kidogo.

"Ile boriti umeitupa?"

"Hapana, Baba. Iko kwenye buti."

"Iache humo humo. Mvua zikinyesha tutawekea jeki."

Nikampa ile chaki. Aliigeuza vidoleni, akaiweka juu ya dashibodi, akawasha gari.