Na huo ugonjwa, mmeuambia?

Tangu Jumanne kuna swali limenikwama kama mfupa wa samaki ngege kooni, nimejaribu kulisukuma na ugali limekataa, kwa hiyo leo naandika.

Mnaonifuata mnajua mimi si mtu wa nyuma ya pazia. Kule ni kwa Sista na wenzake. Kwenye utafiti wetu huu wa kupima kansa ya shingo ya kizazi, mimi niko mezani na tableti, boksi la brashi za sampuli na orodha ya namba, nasajili, naelezea watu, napanga sampuli, jioni nazipeleka kwenye mashine. Mwanaume peke yangu kwenye foleni ya kina mama, utani nimeshauzoea, kuna wanaoniita musawo (daktari) wa mlangoni na mke wangu mama Shadia akisikia anacheka mpaka anatafuta pa kukaa.

Basi Jumanne tulikuwa tumeweka hema upande wa Sofia, karibu na pale wanapoanika mukene, yaani dagaa, na harufu yake niliilalamikia humu sana nilipohamia Busia hii ya Uganda, siku hizi hata siisikii. Akaja jaja mmoja, bibi mtu mzima, na gomesi yake ya zambarau, lile gauni refu la kina mama wa huku, mshipi umekaa sawasawa, mukene wake kamwachia jirani amuangalizie. Hakwenda foleni. Alikuja mezani moja kwa moja, akanisalimia vizuri, habari za watu wa nyumbani, habari za kazi, za safari, nikaitikia zote, ndipo akasema, "Nimesikia mna kipimo cha kina mama. Na mimi nakitaka."

Nikamuuliza jaja, umezaliwa mwaka gani, akasema mwaka wa Uhuru. Nikaandika 1962. Sasa hii tableti yetu haina adabu. Ukiingiza mwaka unaomtoa mtu nje ya 30 mpaka 49, ile sehemu yote inageuka nyekundu na kitufe cha kuendelea kinapotea, hakuna hata pole. Jaja akauona ule wekundu. Kusoma hasomi, aliniambia mwenyewe, ila nyekundu haina shule.

"Imesema nini?"

"Jaja, hiki kipimo ni cha kuanzia miaka 30 mpaka 49."

"Kinaishia hapo?"

"Ndiyo jaja, kinaishia hapo."

Akaiangalia tableti. Si mimi, tableti. Halafu taratibu kabisa, kama mtu anauliza bei:

"Na huo ugonjwa, mmeuambia?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Sista akatoa kichwa nje ya pazia kuuliza kuna nini. Mmoja anapiga kelele mwandikie 49 nani atajua, mwingine anasema weka 48 usimzeeshe bibi wa watu, mtoto aliyekuwa mgongoni kaamka analia, na mimi pia nikacheka, ningefanyaje, nikasema "hiyo ni protokali jaja", akasema "haya mwanangu", akarudi kwenye mukene wake. Ndiyo hivyo tu. Dakika mbili hazikufika.

Na wiki yenyewe haikuwa ndogo, shemeji yangu amefanyiwa introdakshen (utambulisho wa ndoa) Iganga na watu walikula mpaka usiku, bosi katoka Kampala na wageni wake, umeme ulikatika tukakimbizana na jenereta, tena tumefikisha idadi ya kina mama tuliokuwa tunaitafuta tangu mvua za kwanza. Yote hayo ukiniuliza nakumbuka kwa mbali. Mmeuambia, hilo nalikumbuka na sauti yake.

Jibu ninalo, tatizo ninayo mengi na yote yanakuja nikiwa bafuni au kwenye boda. La kwanza ni lile ninaloliimba kila siku mezani. Kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta kansa hii, wengi wanakipata, karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu, na kwa wengi mwili unakifuta wenyewe ndani ya mwaka au miwili bila hata kuaga. Ukimpima binti wa miaka 22 unaweza kukikuta, utamtisha bure, kesho kingeondoka. Ndiyo maana tunaanzia 30, na wenye VVU ndio wanaanza 25 kwa sababu kwao mambo yanakwenda mbio. Kile kilichokataa kuondoka ndicho tunakitafuta, kabla hakijawa kansa, na kuwa kansa kwa kawaida kinachukua miaka 15 mpaka 20, kwa hiyo nafasi ya kukikamata ipo. Sista anapachoma pale penye alama kwa kile kifaa cha moto, haichukui muda, mama anaenda nyumbani kupika.

Jibu zuri sana hilo. Ila jaja hakuuliza tunaanzia wapi, aliuliza tunaishia wapi.

Jibu la pili ni la siki. Zamani, na vituo vingi mpaka leo, kipimo ni siki inapakwa kwenye shingo ya kizazi, penye kasoro panakuwa peupe. Sasa ile duara ambapo kansa inapenda kuanzia, mama akishakoma hedhi inarudi ndani ya mlango, unaangalia na tochi yako unaona pasafi kumbe shughuli iko nyuma huko. Kwa siki, kumwambia mtu wa miaka 63 kwamba yuko salama ni kumdanganya. Hapo 49 ina maana, nakubali.

Lakini sisi hatutumii siki! Sisi tuna brashi, mama anaingiza mwenyewe, anazungusha, anaifunga, anatuletea, na mashine inasoma kirusi chenyewe, haijali duara liko nje au ndani. Nikafungua tena ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 ambao nilifikiri naujua kama Alhamdu. Unasema wapewe kipaumbele wa 30 mpaka 49, sawa, halafu unaendelea, kwamba kama nyenzo za kuwahudumia zipo, wa 50 mpaka 65 ambao hawajawahi kupimwa nao wapewe kipaumbele. Na kuacha kupima baada ya 50 ni kwa yule ambaye ameshapimwa mara mbili mfululizo akakutwa hana kitu. Jaja hajapimwa hata mara moja. Kwa hiyo wa mwaka wa Uhuru yuko ndani ya mwongozo na nje ya tableti yangu, na yeye kaligundua hilo kwa maneno manne akiwa amesimama, mimi nimelisoma nikiwa nimekaa na chai.

Halafu kuna jibu la kweli, ambalo sikulisema na sijui kama ningelisema mbele ya ile foleni. Ugonjwa haujaambiwa, jaja, pesa ndizo zimeambiwa. Mashine yetu ni ile ile ya TB, ina nafasi nne, kila sampuli inakaa humo kama saa nzima, na katriji, vile vikopo vya kuwekea sampuli, zinakuja kwa hesabu. Ukiwa na katriji chache unazipeleka kwenye umri ambao kila moja itaokoa watu wengi zaidi. Hesabu hiyo ni halali. Niweke kwenye mkutano wowote nitaitetea mpaka nipewe maji. Ila hesabu ni ya watu wengi, na aliyekuja mezani alikuwa mmoja, na salamu zake zilikuwa ndefu.

Kinachonikera hasa ni miaka yenyewe. Lengo la dunia ni kwamba ikifika 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kufikia miaka 35 na tena kufikia 45. Jaja alifikisha 35 mwaka 1997, nani alikuwa anapima nani huku mpakani 1997? Chanjo ya HPV imeanza nchi nzima 2015 kwa mabinti wa miaka 10. Mjukuu wake anapata sindano shuleni, binti yake anapata brashi, yeye anapata nyekundu. Na hapa kwetu hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake, si ile ya matiti kama wengi mnavyodhani.

Nikamwandikia bosi, ujumbe mrefu wa usiku, ule ambao asubuhi unatamani uufute. Akajibu mstari mmoja: liandike kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti. Kubadilisha umri sasa hivi ni kurudi kamati ya maadili, kurudi Baraza la Sayansi, bajeti mpya, fomu mpya, miezi. Yuko sawa. Nilikasirika zaidi kwa sababu yuko sawa.

Sasa Alhamisi jioni mama Shadia akanituma mukene (alikuwa kaja na watoto kwa ajili ya introdakshen, wakapitia huku), nikajikuta naelekea upande ule ule, sijui kama ni miguu au ni mimi. Jaja akaniona kwa mbali. "Huyo! Huyo ndiye mwenye kile kitu chekundu!" Banange. Kumbe wiki nzima nimekuwa hadithi ya soko. Kwa toleo lake, mimi ni kijana mdogo niliyekuwa natetemeka, tableti ilikasirika yenyewe ikapiga kelele, na yeye akaiambia itulie. Wenzake wanajua hadithi yote, wanaisaidia kuimalizia.

Kumbe tena, katika kuisimulia, amefanya kazi ambayo mabinti wetu wa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) na spika yao na chemani wa LC1 (mwenyekiti wa kijiji) hawajaiweza tangu tuanze. Nilisimama pale nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia muuza nyanya, "Wewe una ngapi? 34? Nenda, nyekundu haijakufikia. Sisi ndio imetukataa." Yule wa nyanya akaja kweli Ijumaa, na wenzake, na foleni ikazunguka hema. Ile idadi tuliyofikisha, bosi kaipigia makofi mbele ya wageni, imefikishwa kwa kiasi kikubwa na mtu ambaye mashine haijui jina lake.

Nikamuuliza hali, akasema Sista alimuita kituoni jioni ya Jumatano, nje ya utafiti wetu, akamuuliza maswali ya wanawake. Akaniambia mwenyewe bila kuulizwa, tena kwa sauti ya soko, kwamba damu haoni, maumivu hana, na Sista kamuangalia hakuona kidonda lakini kasema kwingine kuko ndani, akitaka uhakika aende Mbale hospitali kubwa. "Nauli mpaka Mbale," akasema, "niende kuambiwa sina kitu?" Wenzake wakacheka tena. Nikamwambia kama siku yoyote ataona damu, hata tone, asisubiri nauli, aje kwangu. Akasema sawa, na nafikiri alisikia.

Halafu nikashindwa kujizuia. Nikasema, jaja, lile swali lako halijaniacha nilale.

"Swali gani?"

Lile la ugonjwa, kwamba tumeuambia.

Akanikazia macho. "Mimi? Nilisema hivyo?" Akageukia wenzake, "eti nilisema hivyo?", wakasema ulisema, akacheka kwa mara ya kwanza kabisa, kama kachekeshwa na mtu mwingine, mpaka akashika mshipi wa gomesi. Alikuwa amesahau! Nyekundu anaikumbuka, tableti anaikumbuka, mimi kutetemeka (uongo) anakumbuka, hilo hapana. Mimi huku nakonda.

Akanipimia mkebe, akaongeza konzi mbili juu, akauliza hicho kitu chekundu kinauzwaje. Nikamtajia bei ya tableti, akasema kwa hela hiyo kingekuwa na heshima.

Nimerudi nyumbani nacheka, nikamsimulia mama Shadia, naye anataka sasa akamuone jaja huyo kabla hawajarudi Walukuba kule Jinja. Usingizi umerudi pia. Barua ya kuomba kuongeza umri nimeianza hata hivyo, ya awamu inayokuja, si hii, kurasa mbili ziko tayari na bosi hajui. Sehemu ya sababu ndiyo imenishinda, kila nikiandika inatoka ama hasira ama takwimu, na kamati haipendi ya kwanza na ya pili sinayo ya kutosha, kwa sababu huwezi kuwa na takwimu za watu uliokataa kuwapima. Mwenye mfano wa barua kama hiyo iliyopita salama anitumie.

Jingine, na hili ndilo linaniamsha leo Jumapili. Asubuhi mwenye nyumba kaja na watu wawili wana tepu ndefu, wamepima kiwanja kuanzia kwenye choo mpaka kwenye mwembe, mmoja anaandika kwenye daftari, wakapiga na picha ya ukuta wangu. Nimemsalimia, kaitikia vizuri, hakusema kitu. Kodi nimelipa mpaka mwezi wa nane. Mwenye kujua vyumba viwili Busia hapa, penye maji na pasipo karibu sana na barabara ya malori, aniambie mapema.