Fleti yetu ilikaa sokoni miezi 7 bila mnunuzi

Kwa miezi 7 nilikuwa nikimwambia kila aliyeuliza kwamba soko ni gumu. Neno hilo nililisikia kwa madalali, nikalishika, na kila simu ilipokaa kimya nililirudia. Fleti yenyewe ilikuwa na vyumba 2 vya kulala, sebule yenye madirisha pande mbili, ghorofa ya 3, majirani watulivu. Sikuona sababu ya mtu kuikataa. Kumbe wengi hata hawakuwahi kuiona, na wale wachache walioingia ndani waliondoka na swali ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelijibu.

Naanza na bei, kwa sababu ndipo tulipokosea mapema kuliko pengine popote.

Tuliketi mezani mimi na mume wangu, tukaandika kiasi tulichonunulia. Tukaongeza gharama ya jiko jipya. Tukaongeza na pengo lililobaki ili tupate malipo ya awali ya nyumba kubwa zaidi, maana mtoto wa 3 alikuwa njiani. Jumla yake ikawa bei ya fleti. Katika hesabu ile yote hakuna mahali palipomhusu mnunuzi. Yeye hajui jiko lilitugharimu nini, na ujauzito wangu haumpi sababu ya kulipa zaidi.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa wachumi Genesove na Mayer, uliochapishwa mwaka 2001, uliofuatilia fleti zilizowekwa sokoni Boston, Marekani, miaka ya 1990. Waligundua kwamba wenye fleti ambao wangeuza kwa hasara walitaja bei ya juu kuliko wenzao, na fleti zao zikachelewa zaidi kuuzika. Nilijiona humo. Sisi tulinunua wakati bei ziko juu, na namba ile ya siku ya kununua ilikuwa imetuganda kichwani kana kwamba soko nalo lilikuwa limeiapia.

Aliyenifumbua macho ni dada yangu. Jumapili moja alikuja, akaketi kando yangu, akasema, "Hebu leo sisi ndio wanunuzi." Akatoa simu yake, akachagua eneo, vyumba 2, kisha akaandika kikomo cha bei. Aliandika namba nzima, kama ambavyo mtu yeyote hufanya. Mwenye uwezo wa 100 huandika 100, haandiki 103. Orodha ikafunguka, tukaipitia taratibu mpaka mwisho.

Fleti yetu haikuwemo.

Tulikuwa tumeipita namba ile kwa asilimia 3 tu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba tulishapunguza bei mara 3, kila mara asilimia 2 hivi, na kila mara nilihisi tumejitoa mhanga. Lakini punguzo zote 3 ziliishia juu ya mstari uleule. Mnunuzi mpya hakutuona, na aliyekuwa akitufuatilia tangu mwanzo aliona watu wanaoshuka kidogokidogo, akaamua kusubiri tushuke tena.

Dada akapandisha kikomo hadi namba nzima iliyofuata. Hapo tukatokea, tena mara 4. Tulikuwa tumewapa madalali 4 kwa kuamini kwamba wengi watatusaidia zaidi. Picha zilikuwa zilezile, bei zilikuwa 3 tofauti, na ukubwa ulikuwa wa aina mbili: mmoja aliandika mita za mraba 82, mwingine 76. Dada akanigeukia. "Wewe ungempigia nani hapo?" Nilinyamaza. Ningempigia wa bei ya chini, halafu ningejiuliza hao wengine wanaficha nini. Pia kundi lile tuliloangukia lilikuwa la fleti zenye lifti, maegesho, nyingine hata chumba cha 3. Kwa mtu anayelinganisha, sisi ndio tuliokuwa wa mwisho.

Usiku ule nilifungua daftari na kuandika kila aliyewahi kupiga simu na kila aliyewahi kuja. Nawashauri wauzaji wote wafanye hivi kuanzia siku ya kwanza, maana kila mahali mnunuzi anapokwama huonyesha kasoro yake. Tangazo lipo na simu haziji: tazama bei na picha. Wanapiga na hawaji: kuna kitu kinachosemwa, au kisichosemwa, kwenye simu. Wanakuja na hawarudi: tatizo limo ndani ya fleti. Wanarudi, mnakubaliana, halafu wanapotea: tatizo liko kwenye karatasi. Daftari langu lilionyesha watu 9 waliokuja kuiona kwa miezi 7. Mmoja tu ndiye aliyerudi, tukakubaliana, na yeye akapotea.

Kuhusu simu, jibu nililipata haraka. Karibu wote waliuliza ada ya huduma za pamoja ni kiasi gani na inagharamia nini. Nilikuwa nikijibu, "Ni ndogo tu, tutaongea ukija." Nilidhani nawavuta waje. Mtu akisikia jibu la namna hiyo anajua kuna kitu, na kwake ni rahisi kupiga simu inayofuata.

Ndani ya fleti ilinichukua muda zaidi kukiri. Katika wale 9 alikuwemo mama mmoja wa makamo ambaye hakutazama jiko wala mandhari. Alikwenda moja kwa moja chumba cha pili, akapitisha mkono nyuma ya kabati, akaubandika kiganja ukutani na kuuacha hapo. Mimi nilikuwa nikiendelea kueleza habari za madirisha. Alipoutoa mkono alisugua vidole vyake, akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Mwanangu, huu ukuta uliupaka rangi lini?" Nikamjibu mwezi uliopita. Akashukuru, akaaga.

Nilikuwa nimeupaka rangi kweli, kwa sababu kulikuwa na doa. Nilikuwa pia nimeweka manukato ya chumba. Sasa naamini manukato yale yalitufukuzia watu, maana mtu akiingia kwenye chumba chenye harufu kali anaanza kutafuta harufu iliyo chini yake, na akiitafuta ataipata.

Nilijaribu jambo ambalo fundi mmoja alinielekeza, na mtu yeyote anaweza kulifanya. Ukuta ukiwa umefutwa ukakauka juu, unabandika kipande cha plastiki safi na kuziba kingo zake zote kwa gundi ya utepe. Unakiacha saa 24. Matone yakijikusanya upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba, na dawa yake ni madirisha na feni ya kutolea hewa. Yakijikusanya upande wa nyuma, kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Asubuhi iliyofuata plastiki yetu ilikuwa kavu mbele na imelowa nyuma. Nyuma ya ukuta ule kuna bafu.

Tukafunga koki zote, tukahakikisha tangi la choo limejaa, nikasimama mbele ya mita ya maji na tochi. Kishale kidogo kilikuwa kinajongea. Kwa saa nzima hakikusimama. Fundi akabandua vigae 3 tu, akakuta kiungo cha kona cha bomba kinavuja tone moja moja, pengine kwa miaka. Kazi ya bomba ilichukua asubuhi moja. Kilichochukua muda ni ukuta: tulibandua plasta iliyolowa, tukauacha wazi wiki 5 huku madirisha yakiwa wazi mchana, kabla ya kupiga plasta mpya na, baada yake kukauka, rangi. Fundi alinisihi nisiharakishe, kwa sababu rangi juu ya ukuta mbichi hupiga malengelenge, na hapo ningekuwa nimerudi palepale. Nilipiga picha kila hatua: kiungo kibovu, kiungo kipya, ukuta ulio wazi, ukuta uliofungwa.

Wiki hizo tuliondoa matangazo yote. Niliogopa sana kufanya hivyo, lakini tangazo linalokaa muda mrefu lina madhara yake. Mnunuzi akiona fleti iko sokoni tangu mwaka jana, anaamini wenzake waliona kasoro, hata kama hawajawahi kufika.

Kisha karatasi. Yule mmoja aliyekuwa amekubali alikuwa kijana anayenunua kwa mkopo. Benki ilimtuma mthamini, na mthamini alirudi na mambo mawili. Alipima mita za mraba 76, wakati kijana alisoma 82. Zile 6 zilikuwa baraza na unene wa kuta, dalali mmoja alizijumlisha na mimi sikumzuia. Jambo la pili ni ukuta kati ya jiko na sebule. Kwenye mchoro ulioidhinishwa ulikuwepo, ndani ya fleti haukuwepo. Tuliubomoa wenyewe tulipotengeneza jiko, na hatukuomba ruhusa ya mtu. Mkopo huhesabiwa kwa thamani aliyoiona mthamini, wala si kwa bei aliyoiandika muuzaji, hivyo pengo lote lilimwangukia kijana mfukoni. Alinipigia mwenyewe. "Samahani dada, benki imekataa." Alikuwa akiomba radhi kwa kosa lililokuwa letu.

Mhandisi alikuja, akathibitisha kwamba ukuta ule haukuwa unabeba mzigo wa jengo. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu tulipoubomoa hatukujua, na juu yetu kunaishi familia yenye watoto. Akachora fleti jinsi ilivyo sasa, tukaupeleka mchoro kwa wanaoidhinisha ujenzi, tukasubiri wiki 7. Wakati huo niliandaa faili moja: nakala ya hati, mchoro mpya, risiti za ada ya pamoja za miezi 12, barua ya uongozi wa jengo kwamba hatudaiwi, na taarifa ya ukarabati wa paa unaokuja, pamoja na mchango utakaomhusu mmiliki wa fleti yetu. Mume wangu alisita kuhusu hiyo ya paa. Nikamwambia mnunuzi ataisikia kwa jirani wa kwanza atakayekutana naye ngazini, afadhali aisikie kwetu.

Picha tulizibadilisha kwa siku moja. Za zamani zilipigwa jioni kwa balbu za rangi mchanganyiko, nyingine njano nyingine nyeupe, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya ngazi. Safari hii tulipiga asubuhi, mapazia wazi, kamera usawa wa kifua, na tukaweka sebule mbele. Tukaongeza ramani ya sakafu yenye vipimo vya kila chumba. Watu wanataka kujua kama kitanda chao kitaenea.

Bei mpya hatukuitafuta kwenye matangazo, kwa sababu matangazo ni ndoto za wauzaji wenzangu. Tulimlipa mthamini, na tukauliza fleti 6 za aina yetu zilizokwisha kuuzwa zilikwenda kwa kiasi gani hasa. Tukashuka asilimia 8 kutoka pale tulipokuwa, mara moja, chini ya ile namba nzima. Siku ile nililia. Jiko lile nililichagua kigae kwa kigae. Tukabaki na dalali mmoja, mkataba wa miezi 3, tangazo moja, kipimo kimoja.

Alipoanza kazi nilimwomba awapigie kwanza wale 9 wa zamani, hasa yule mama. Alikuwa ameshanunua kwingine miezi 2 nyuma. Alimwambia dalali kwamba fleti yetu aliipenda, ila hakutaka kununua ugomvi wa maji.

Katika wiki 3 za mwanzo walikuja watu 14. Dalali aliniomba nisiwepo, nami nikatii, maana watu hawawezi kufungua kabati na kusema wanachofikiri mbele ya mwenye nyumba. Wanne walirudi mara ya pili, wawili wakatoa bei. Tuliyekubaliana naye alilipa asilimia 2 chini ya tuliyoomba. Alikuja na binti yake, wakaketi sebuleni na faili karibu saa nzima, wakisoma karatasi moja moja. Swali lake kubwa lilikuwa kuhusu paa, na jibu lilikuwa ukurasa wa 5.

Mthamini wa benki yake alipima 76, na safari hii tangazo nalo lilisema 76.

Siku ya kukabidhi tulizunguka vyumba pamoja. Chumba cha pili nilimwonyesha mahali bomba linapopita, nikampa picha za ukuta ukiwa wazi, ili siku akitaka kupigilia msumari ajue pa kukwepa. Aliziweka ndani ya faili, akamwita binti yake aje aone.